Kiti cha Karibu na Mlango

3 Machi

Baba Watoto,

Sisi wazima. Mdogo ameng'oka jino la mbele na sasa anacheka mdomo ukiwa umefungwa. Hayo ndiyo ya nyumbani. Sasa iangalie karatasi hii vizuri. Angalia mwandiko. Si wa Jirani anayeniandikia siku zote. Ni wangu mwenyewe, kila neno, na barua hii imenichukua siku nne na kifutio kizima.

Nilikuficha. Tangu mwezi wa tisa nasoma darasa la watu wazima, chumba cha nyuma ya zahanati, Jumanne na Alhamisi nikitoka kiwandani. Sikukwambia kwa sababu nilijua nitashindwa, na nilitaka nishindwe bila watazamaji.

Tuko kumi na wanne. Kuna dereva wa lori, kuna mama anayeuza mkaa, na kuna bibi mwenye wajukuu tisa ambaye anataka kuzisoma barua za wakwe zake kabla hajafa ajue wanamsema nini. Mwalimu tunamwita Taratibu, maana hilo neno halimtoki mdomoni. Ana mambo yake. Mlango wa darasa haufungwi hata mvua ikinyesha. Kila mtu alijichagulia kiti na hakuna wa kumhamisha. Changu kiko karibu na mlango. Haiti mtu ubaoni. Ametugawia kadi, upande mmoja kijani, upande wa pili nyeupe. Ukiiweka kijani juu, maana yake niulize. Ukiiweka nyeupe juu, niache leo, naye hataki kujua sababu. Akitaka kupita nyuma yako kuangalia daftari husema kwanza, "Naja nyuma yako, naruhusiwa?" Ukikataa, anazunguka mbele. Kalamu nyekundu hana. Rula pia hana.

Mwanzoni nilimshuku. Nikasema huyu ana lake jambo, siku moja atatuuzia kitu. Kadi yangu ilikaa nyeupe miezi miwili. Siku nilipoigeuza, hata sikumbuki kwa nini.

Najua simu hazishiki huko kambini kwenu, basi nijibu kwa barua kama kawaida. Niambie mwandiko wangu ukoje. Hicho tu ndicho nakitaka.

Mkeo

19 Machi

Kwako mke wangu mpenzi, ua la moyo wangu,

Ama baada ya salamu zisizo na idadi, mimi mumeo ni mzima wa afya hapa kiwanda cha mbao, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Barua yako imenifikia, na nimeisoma mara mbili kwa makini.

Sasa nijibu. Umenificha miezi sita. Kama hilo limefichika, ni lipi jingine lililofichika? Huyo mwanamume ana mke? Anakaa wapi? Nani anampa mshahara, maana darasa la bure lazima lina mwenyewe? Kwa nini mlango uachwe wazi, ni nani anayetarajiwa kutoka mbio? Na hiyo kadi ni ya nini, watu wazima mnaonyeshana rangi kama mnacheza karata? Tena eti anaomba ruhusa ya kusimama nyuma ya mke wa mtu! Mwenye nia safi hupita tu. Anayeomba ruhusa ameshalifikiria jambo.

Mke wangu, mchelea mwana kulia hulia yeye. Mwalimu asiye na fimbo hafundishi, anatafuta. Mimi nilisoma mlango ukiwa umefungwa na fimbo ikiwa mezani, nilichapwa nikaipata elimu, na leo unaona ninavyokuandikia. Jirani anafikiri nini kuhusu jambo hili? Anakuona ukirudi saa ngapi? Unavaa nini siku hizo za Alhamisi?

Nasubiri majibu kama udongo mkavu unavyosubiri mvua.

Ni mimi mumeo akupendaye daima

30 Machi

Baba Watoto,

Umeniuliza maswali tisa. Nimeyahesabu. Kuhusu mwandiko wangu hakuna hata neno moja. Kama ni mbaya si ungesema tu ni mbaya?

Haya, nakujibu. Taratibu ana mke, ni muuguzi wa hiyo hiyo zahanati, ndiye anayetufungulia chumba. Ana umri wa baba mkubwa na anapiga chafya kama mbuzi. Alhamisi navaa gauni la kazini, lenye nyuzi zote za kiwandani. Jirani anasema unamchekesha.

Nataka kukwambia jambo. Jumanne ya wiki jana Taratibu aliumwa, akaja mwalimu mwingine, mwanamke mmoja wa chuo, hana ubaya. Nje palikuwa na kelele za magari, akafunga mlango. Watu wakaanza kuongea, akapiga meza kwa rula. Mara moja tu. Nilijikuta bombani kwenye uwanja wa zahanati, daftari mkononi, kiatu kimoja. Jinsi nilivyotoka sijui. Wanasema nilimsukuma dereva wa lori, na dereva ni jitu.

Nilikwambia niliacha shule darasa la tatu kwa sababu baba alikosa ada. Ada ilikuwepo. Siku ile niliitwa ubaoni kusoma neno, likanishinda. Mwalimu akanipiga rula kwenye ncha za vidole, hapa penye kucha, kisha akanifungia stoo ya majembe mpaka nilikumbuke. Akanisahau. Nyumbani walidhani nimekwenda kwa shangazi. Aliyenifungulia ni mfagizi, siku ya pili. Sikumwambia mtu yeyote, ila shule sikuikanyaga tena. Unavyonigombeza kila ukija likizo kwamba chooni sifungi komeo, unadhani ni uzembe. Basi si uzembe.

Alhamisi Taratibu alirudi. Sikuingia, nilikaa kwenye ngazi. Akatoka, akakaa ngazi iliyo chini yangu, akachonga penseli mbili bila kunitazama. Akasema, "Kiti chako kipo." Nikaingia.

Hii isome peke yako. Nimeiandika kwa ajili yako peke yako.

Mkeo

14 Aprili

We mke,

Salamu. Barua tumeipata. Mtu mzima anakimbia rula! Hapa bwenini watu wamecheka mpaka mmoja kaanguka na kitanda chake. Stoo ni stoo, ina panya na majembe, haijawahi kuua mtu.

Kumbe miaka kumi na minne unanidanganya habari ya ada. Na huyo babu wa chafya anakaa na wewe kwenye ngazi, mnachonga penseli. Mimi si mjinga. Watu wote hapa wamesikia wakasema hiyo si penseli.

Chagua moja, darasa au ndoa. Mwisho wa mwezi wa sita nakuja likizo. Nikikuta daftari ndani ya nyumba, nageuza na sanduku langu.

Mume wako

27 Aprili

Wewe unayejiita mume wangu,

Nimezitoa barua zako zote kwenye droo ya cherehani. Thelathini na moja, za miaka sita. Miaka yote hiyo nilimpa Jirani anisomee huku nakunja nguo, sikuwahi kuziangalia, maana ningeangalia nini? Juzi nimezitandaza kitandani. Kazi yangu unaijua, ni vifungo. Naweza kukuchagulia vifungo vyeusi vya aina nne vilivyochanganyika kwenye ndoo moja. Basi nimezichagua barua zako, nimepata mafungu manne.

Fungu la kwanza, herufi zimelala. La pili, nyembamba, zimebanana. La tatu ndilo kubwa, barua kumi na tisa, mwandiko wa duara, msafi, unaopamba kila herufi kubwa. La nne ni hii moja ya juzi, ya mtu anayekandamiza kalamu mpaka karatasi imetoboka.

Mikono minne. Mume mmoja ana mikono minne?

Huyo wa duara ni nani? Mwanamume gani wa kiwanda cha mbao anayetia mapambo kwenye barua? "Ua la moyo wangu." Wewe hujaniita ua hata siku moja. Tangu uchumba unaniita Sindano. Nimekaa kitandani nikajiambia, miaka mitano sasa kuna mwanamke huko anayeniandikia salamu za mume wangu, na nikimaliza kusomewa nafurahi kama mjinga.

Na stoo. Nilikuomba usome peke yako. Watu bwenini walichekaje kitu ulichokisoma peke yako? Nilikaa na jambo lile tangu utotoni, wewe umelimwaga kwa siku moja. Nimelia, na nataka ujue kwamba nimelia.

Sitaki maelezo. Niandikie mstari mmoja kwa mkono wako mwenyewe, nitaujua. Mstari mmoja tu. Usipouandika, usihangaike kuja na masharti ya kuchagua, nitakuwa nimeshachagua.

Nisiyejua niandike nani

9 Mei

Shemeji,

Hunijui. Mimi ndiye yule wa duara. Nina ndevu, nina mke wangu, na kazi yangu hapa ni kunoa misumeno. Wananiita Miwani. "Ua la moyo" ni langu, nisamehe. Yeye husema, "Mwambie Sindano mimi sijambo," nami naona karatasi itabaki tupu, naongeza. Yale maswali tisa, hata hivyo, yalikuwa yake yote.

Navunja ahadi ya miaka mitano kukuandikia. Barua yako ya stoo ilifika nikiwa likizo. Akangoja siku tatu, akashindwa kungoja, akampa mpishi. Mpishi hana staha, aliisoma kwa sauti juu ya meza ya chakula, bweni zima likisikiliza. Mumeo alikuwa amesimama pale. Angemnyang'anya, angebaki ameshika karatasi asiyoweza kuisoma, na watu wote wangejua. Akacheka nao. Jibu alilisema hapo hapo, wakimshangilia.

Barua yako ya mwisho nimemsomea mimi, tukiwa wawili. Alikwenda kukunja nguo zake. Usidhani anakuja kwako, shemeji. Anataka kuhama, aende kiwanda kingine asikojulikana, na namwamini kwa sababu ameshafanya hivyo zamani. Umemwomba mstari mmoja. Ndicho kitu pekee asicho nacho.

Nimeficha sanduku lake kwenye karakana yangu, analitafuta. Fanya haraka. Huyo mwalimu wenu na mimi simwamini sana, mtu bila rula anapigaje mstari? Lakini kama ana dawa, muulize. Na tafadhali, usiseme ni mimi niliyekwambia.

Miwani

20 Mei

Baba Watoto,

Nimejua. Usiulize nimejuaje, mtu wa vifungo huona. Huyo wa mwandiko wa duara akusomee hii, yeye peke yake, mahali utakapopachagua wewe. Ukimwambia anyamaze katikati, anyamaze.

Nilikuita ubaoni. Nilikupa neno nikasema, lisome ama usirudi. Wiki nzima nakasirika na yule mwalimu wa stoo, kumbe na mimi nimeshika rula. Nisamehe kwa hilo. Kucheka kwako sijakusamehe bado, nakwambia ukweli. Kunaniuma kila nikiingia darasani. Lakini darasani naingia.

Nilimuuliza Taratibu bila kumtaja mtu. Nikasema, mtu anayeogopa karatasi afanyweje? Akaniangalia, nikajua ameshaelewa, mzee yule ni mjanja kuliko anavyojionyesha. Akasema, "Usimvute, usimfukuze. Mwambie kuna kiti, basi."

Kwa hiyo ndani ya bahasha kuna kadi yangu, ile iliyokaa nyeupe miezi miwili. Ukitaka nikuulize, irudishe. Hutaki, kaa nayo, sitauliza neno, wala sitamwambia Jirani, wala watoto. Darasa siliachi. Na wewe sikuachi. Umeniambia nichague moja, nimeshindwa.

Mkeo, Sindano

4 Juni

Sindano,

Nimemwambia Miwani aandike hivyo hivyo na asipambe. Tuko nyuma ya ghala la magogo. Nimepachagua mimi, pana njia mbili za kutokea.

Kwanza, nani alikwambia? Nikimuuliza Miwani anakohoa. Sanduku langu nalo limeonekana kwenye karakana yake, anasema panya wamelipeleka. Hapa hakuna mtu wa kuaminika.

Kadi sirudishi. Nimezoea kuishika. Kwa hiyo kwa masharti yako huruhusiwi kuniuliza, basi nakwambia bila kuulizwa.

Sikuwahi kuchapwa shuleni, kwa sababu sikuwahi kuingia shuleni. Hata siku moja. Kiwanda kile cha kwanza, kabla sijakuoa, niliomba kazi nikasema nimesoma, maana wote walisema hivyo. Asubuhi moja karatasi ilikuwa imebandikwa kwenye mashine ya kupasulia. Msimamizi akasema, wewe msomi, wasomee wenzako. Watu wakanigeukia. Jana yake nilisikia kwamba mafundi watakuja kuitengeneza, nikabahatisha. Nikasema, "Imetengenezwa, iwasheni." Karatasi ilisema isiwashwe, kifuniko kimetolewa. Rafiki yangu, tuliyelala naye kitanda cha juu na cha chini, alipoteza vidole vitatu. Alidhani karatasi ndiyo iliyokosea, mpaka leo nadhani anaamini hivyo. Niliondoka kabla hajatoka hospitali. Wewe nilikwambia niliacha kwa sababu msimamizi alikuwa mkali. Msimamizi alikuwa mtu mzuri.

Tangu hapo, karatasi yoyote nikiiona nahisi inanitega. Barua zako pia. Zikifika mwili unakufa ganzi kabla hata bahasha haijafunguliwa, halafu nasikia ni jino la mtoto.

Siku ile mpishi aliposoma habari za stoo, nilikuona, mdogo, umekaa juu ya majembe. Nikacheka. Sina cha kujitetea. Ukitaka kukaa na uchungu huo mwaka mzima, kaa nao, ni haki yako.

Huyo mwalimu bado simwamini. Mtu anayesubiri watu hivyo anapata faida gani? Muulize kwa ajili yangu, usimwambie ni mimi: mtu aliyedanganya karatasi inasema nini, na mwenzake akaumia, darasani kwake anakaa wapi?

(Shemeji, ni mimi Miwani. Sijaongeza neno popote.)

Mumeo

13 Juni

Baba Watoto,

Nimemuuliza. Alikuwa anafuta ubao, akaendelea kufuta mahali palipokwisha kuwa pasafi. Akasema, "Anakaa atakapo. Viti vyenye wenyewe tu ndivyo aviombe." Nikamuuliza na lile la faida, kwa sababu hata mimi nilitaka kujua. Akasema mama yake alikufa hajui kusoma, na yeye ndiye aliyejaribu kumfundisha, kwa rula. Akaenda kufungua madirisha. Sikuuliza zaidi.

Kiti cha karibu na mlango ni changu, unajua. Nimekaa nacho miezi tisa na sijawahi kumpa mtu. Ukikitaka, nitasogea.

Na yule rafiki yako wa vidole. Anaishi bado? Siku moja, si leo, tutamwandikia. Mimi nitashika kalamu, au wewe.

Mkeo, Sindano

26 Juni

Sindano

Mwandiko wako mzuri. Nimeuona.

Hii ni mimi. Siku kumi nimeandika. Miwani alinionyesha, sasa ametoka nje.

Usisogee. Natengeneza kiti changu, mbao ipo. Nakuja nacho Alhamisi.

Mlango usifungwe.

Mimi mwenyewe